Bundi wa Msitu wa Kieni

Mtoto wa dada yangu ameolewa Thika, na huko ndiko anakoishi, katika nyumba ya kupanga karibu na viwanda ambamo mumewe anafanya kazi. Mwaka huu alijaaliwa mimba yake ya kwanza, na katika mwezi wa saba mtoto akazaliwa hana uhai. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Siku tatu kabla ya msiba huo, bundi alikuwa amelia juu ya paa lao. Jirani mmoja, ambaye naamini alikuja kwa nia ya kuliwaza, alimwambia kuwa dalili ilikuwa imekwisha kuonekana na kwamba yafaa mtu kuzijua dalili. Vijana wa mtaa wakamvurumishia yule ndege mawe mpaka akaanguka.

Nilipompigia simu kutoka Mombasa hakunieleza habari za hospitali wala za daktari. Aliniambia maneno haya: "Mama Mkubwa, mimi nilimsikia. Nilimsikia nikanyamaza."

Ndipo nilipopanda gari moshi kwenda Nairobi, na kutoka Nairobi nikachukua matatu ya Thika, mwendo wa kilomita 40 na ushei. Nilikuta kina mama wa darasa la msikitini, wengi wao watu wa pwani waliohamia bara pamoja na waume zao, wamekwisha kupanga safari ya siku mbili: siku ya kwanza kwenda msitu wa Kieni kutazama ndege, siku ya pili kupanda Kilimambogo kuona makaburi na magofu. Kulikuwa na nafasi mbili zilizobaki katika gari. Nilizilipia zote mbili bila ya kumuuliza mpwa wangu. Najua haikuwa adabu, na sikujuta.

Tulisali Alfajiri mjini, tukaondoka kungali na giza. Barabara ya Thika kwenda Magumu hupita kwanza katika mashamba ya kahawa, kisha hupanda Gatukuyu na Kamwangi, na hapo kahawa huisha na chai ikaanza, kijani kitupu kilichokatwa sawasawa kama mkeka. Ukingoni mwa chai ndipo msitu unaposimama. Ni sehemu ya misitu inayoteremka kutoka milima ya Aberdare, na mito inayotoka huko ndiyo inayoilisha Thika na kuijaza lambo la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 na ambalo hupeleka sehemu kubwa ya maji ya Nairobi. Ilikuwa Julai, mwezi wa ukungu. Sisi tuliozoea joto la Kisauni tulishuka garini tukidhani mvua inanyesha, kumbe lilikuwa wingu lenyewe limekaa juu ya miti na linadondoka majani kwa majani. Mwenye kukusudia safari hii asitegemee buibui peke yake: avae sweta nzito ndani yake, na viatu vya kufunga ambavyo hatavisikitikia vikipata tope.

Aliyetuongoza alikuwa binti wa kijiji cha jirani, Mkikuyu, hajafika miaka 30, mwenye darubini shingoni na sauti ndogo kama ya mtu aliye msikitini. Ametokana na chama cha wanajamii wa msitu. Vyama hivi vimetambuliwa na sheria ya misitu ya mwaka 2005, na tena na ile ya 2016, ili watu wanaoishi kando ya msitu washiriki katika kuulinda na wapate riziki humo pasipo kuukata. Alituomba mambo matatu: tusiseme kwa sauti, tusinyooshe mikono kwa ghafla, na tusimuulize kila dakika ndege yuko wapi. Ombi la tatu halikudumu.

Wa kwanza tuliyemwona vizuri alikuwa jamaa wa kulukulu wetu wa pwani. Kulukulu wa Arabuko na wa Unguja mnamjua. Huyu wa milimani huitwa kulukulu wa Hartlaub, kijani kilichoiva na kichwa cha buluu nzito. Alipokuwa ametulia tawini hakuwa na ajabu kubwa. Aliporuka, mbawa zikafunguka nyekundu, nyekundu ya kanga mpya, na kina mama wote kwa pamoja wakasema "Subhanallah" kwa sauti ambayo tulikatazwa. Binti yetu hakukasirika. Alitueleza kuwa wekundu ule si mchezo wa jua kama rangi za ndege wengi wenye kumetameta, bali ni rangi hasa, iliyotengenezwa kwa shaba, na kwamba katika ndege wote wa dunia ni kabila hili la kulukulu peke yake lenye rangi hiyo. Bibi mmoja, fundi wa kutia piko, aliuliza kama inatoka ikifuliwa. Hapo hata mpwa wangu alicheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nifike.

Mgeni mashuhuri wa msitu huu ni kwezi mdogo aitwaye kwezi wa Abbott. Dume ana mgongo wa buluu iliyoelekea nyeusi na tumbo jeupe, na hupatikana katika misitu ya milimani ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania tu. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani ili waje kumwona hapa Kieni. Tulimtafuta kwa muda wa saa mbili, shingo zikituuma, kwa kuwa hukaa juu kabisa kwenye vilele vya miti mirefu yenye matunda. Hatukumwona. Tulichokiona ni kisiki cha mti ambao Wakikuyu huuita mũiri, kingali kibichi, na unga wa msumeno umetapakaa juu ya majani. Binti yetu alikitazama, asiseme neno kwa muda.

Mti ule una historia yake. Gome lake hutengenezewa dawa ya maradhi ya tezi ya kiume, ambayo waume na baba zetu hupata wakizeeka, na kwa hivyo umechunwa sana Afrika nzima hata biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 1995. Mbao zake nazo ni ngumu, na kuni zake huwaka vizuri. Matunda yake ni chakula cha ndege. Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, mwaka 2023 ikatangazwa kuwa marufuku imeondolewa, mahakama ikaingilia kati. Kisiki kile hakikuwa na habari ya lolote katika hayo. Aliyekikata alikuja usiku.

Tulitandika mikeka mahali palipo wazi tukafungua mahamri na mbaazi, baridi kama jiwe. Ilipoingia Adhuhuri pakazuka mjadala mfupi: sisi wageni wa kutoka pwani tulikuwa safarini, tukapunguza, wenyeji wa Thika, ambao wametoka kwao asubuhi hiyo na jioni watalala kwao, wakaona kwao bado si safari, wakasali kamili. Hakuna aliyemtilia shaka mwenziwe. Ni baada ya sala hiyo ndipo binti yetu alipotuashiria tumfuate polepole.

Katika mti mnene uliofunikwa na kuvu na ndevu za miti, karibu kabisa na shina, palikuwa na kitu kama kipande cha gome. Alitupanga mstari, akampa darubini kila mmoja kwa zamu. Alikuwa bundi wa msituni, kahawia, mwenye mistari myeupe kifuani na macho meusi kabisa. Kando yake, ametanguliza bega kama mtu aliyeegemea mwenziwe katika basi, alikuwepo wa pili.

"Wanalala," alinong'ona. "Usiku mmoja huita na mwingine humjibu. Ukisikia milio miwili inayofuatana, si bundi mmoja. Ni mtu na mkewe."

Nilimtazama mpwa wangu. Zamu yake ilikuwa imefika, naye hakuipokea darubini. Bibi wa piko akamwambia, "Tazama, mwanangu, hawakutazami," kwa maana ndege wale walikuwa wamefumba macho. Akaichukua. Alikaa nayo muda mrefu kuliko sote, na hapana aliyemharakisha.

Aliporejesha darubini alimwuliza binti yetu, kwa Kiswahili chake cha Malindi kilichonyooka, kwa nini bundi huja kwenye nyumba ya watu. Yule binti hakujua kilichomo ndani ya swali, akajibu kama mtu wa elimu yake: bundi wa mjini, mwenye uso mweupe kama umbo la moyo, hutaga darini na katika mashimo ya kuta; chakula chake ni panya; na kelele zake huzidi anapokuwa na makinda, kwa sababu makinda hulia wakidai chakula usiku kucha. "Kama alikuwa juu ya paa lako, mama, basi mna panya," akasema. "Na huenda alikuwa analea."

Huyo mwenye uso mweupe baadhi ya wazee wa pwani humwita babewana, na mpwa wangu amelikuta jina hilo likitajwa kwa kunong'onwa. Nami ni mtu mzima niliyesoma, lakini mlio ule ukisikika usiku hunisisimua mwili. Sidhani kama niko peke yangu. Hata hivyo jambo hili Mtume wetu, swala na salamu zimshukie, alilikata waziwazi. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakitaka kusafiri huwafurusha ndege, wakaangalia wameruka kulia au kushoto. Na walidai kuwa mtu aliyeuawa hutokewa na bundi kaburini akidai kisasi. Itikadi zote mbili, ya mkosi wa ndege na ya bundi, alizikanusha pamoja. Mimi hadithi hiyo nimeifundisha kwa miaka kadhaa katika darasa la wanawake. Siku zote tuliipita haraka, kana kwamba inawahusu watu wa Makka waliokufa zamani.

Siku ya pili tulikwenda Kilimambogo, upande wa Machakos, kiasi cha kilomita 25 kutoka Thika. Wamasai huuita mlima huo Ol Donyo Sabuk, mlima mkubwa. Kilele chake kina mita 2,145, na tangu mwaka 1967 ni hifadhi ya taifa. Nyati waliompa jina lake la Kiswahili bado wamo, na kwa hivyo mtu hapandi kwa miguu bila ya askari wa wanyamapori. Magofu ya kale ya namna ya Gede hayako huku. Kilichopo ni makaburi ya William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyefanyiwa usir na Waingereza, aliyemiliki ardhi kubwa ya Juja na kumkaribisha huko Rais wa zamani Roosevelt mwaka 1909. Alifariki mwaka 1925 na alitaka azikwe kileleni. Husimuliwa kuwa alikuwa mtu wa mwili mkubwa mno na mtambo uliokuwa ukivuta jeneza lake ulishindwa njiani, akazikwa pale pale ulipokomea. Mkewe Lucie amelala kando yake. Wa tatu ni Louise Decker, mtumishi wao wa kike. Nilisimama kwake zaidi. Jina lake limeandikwa pale pamoja na ya mabwana zake, na ni watumishi wangapi wa nyumba zetu za mawe za pwani waliopata hilo?

Kina mama walitaka kujua habari za Gede, kwa kuwa nusu yao hawajawahi kufika ingawa wamezaliwa mwendo wa saa mbili kutoka hapo. Niliwaeleza yale niyajuayo: msikiti mkuu na mihrabu yake, kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, uchimbaji alioufanya James Kirkman kuanzia 1948, na kuingizwa kwa mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Nikawaambia pia kuwa msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani na Gede una bundi mdogo wa kiasi cha kiganja na nusu, ambaye hupatikana pia katika miteremko ya Usambara ya Mashariki kule Tanzania. Wazungu hulipa fedha nyingi waonyeshwe. Bibi wa piko alisema sisi tungemwonyesha bure, kwa jiwe.

Jioni tulirudi Thika tumechoka. Kwezi wa Abbott hatukumwona hata siku ya pili, kwani mlima huu si makao yake. Wenyeji wanapanga kurudi Kieni mvua za vuli zikipita, inshallah, na atakayetaka kuandamana nao aulize katika darasa la wanawake la msikitini.

Nililala chumba kimoja na mpwa wangu. Saa tano usiku alinigusa mkono. Nje, mbali kidogo, upande wa mto, palikuwa na mlio. Nilinyamaza, maana sikujua la kusema, na moyo wangu mimi ulikuwa ukienda mbio. Alihesabu kwa vidole juu ya shuka, akingoja.

"Mama Mkubwa," akasema, "huyu hajajibiwa."

Akaondoka kitandani, akafungua dirisha.