Kahawa Isiyopikwa

Saa tatu usiku, vyombo vimeshaoshwa, ndipo kazi inapoanza. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ile iliyokuwa na achari, inatiwa gramu 100 za kahawa iliyosagwa kwa chenga kubwa. Yanafuata maji yaliyochemshwa mchana na kupoa, mililita 800. Mchanganyiko unakorogwa taratibu hadi kila chenga ilowe, mfuniko unafungwa, chupa inaingia kwenye friji. Kesho yake saa saba mchana, jua la Dar es Salaam likiwa utosini, kahawa iko tayari kuchujwa.

Wapo wanaodhani kahawa ya kuloweka ni kahawa ya moto iliyotiwa barafu. Hii huwa baridi tangu mwanzo. Wajapani wa Kyoto wanajulikana kwa kuidondosha tone kwa tone usiku kucha. Marekani, Todd Simpson alibuni chombo chake cha kuloweka, Toddy, mwaka 1964, na kampuni ya mikahawa ya Starbucks ilipoingiza kahawa hii kwenye maduka yake mwaka 2015 ikaenea mijini kote duniani. Lakini yeyote anayeloweka ukwaju kwa ajili ya juisi tayari anaujua ufundi wenyewe.

Maji ya moto huikamua kahawa kwa dakika chache, utamu na uchungu kwa pamoja. Maji ya baridi huchukua saa 12 hadi 18, na mengi ya yale makali hubaki kwenye machicha. Ndiyo maana kinywaji huwa laini, chenye utamu wa mbali, hata bila sukari.

Siri kubwa ni usagaji. Chenga ziwe kama chumvi ya mawe. Kinu na mchi vinatosha kwa asiye na mashine, mradi asitwange hadi unga. Unga laini hugeuka tope, huziba chujio na kurudisha uchungu uleule uliokuwa unakimbiwa. Kahawa ya kopo inayoyeyuka haifai kabisa, kwa kuwa hiyo ilishapikwa na kukaushwa kiwandani.

Kuchuja kunataka subira. Kwanza chujio la chai, kisha kitambaa safi cha pamba kilichotandikwa juu ya bakuli. Hapa mkono uliozoea kukamua tui ujizuie: machicha yakibanwa, mashapo yote hushuka. Yaachwe yadondoke yenyewe. Kwa kuwa machicha hushika maji karibu mara mbili ya uzito wake, zitapatikana kama mililita 600 za kahawa nyeusi na nzito.

Nzito kweli, hivyo huongezwa maji au maziwa kiasi sawa, na barafu. Anayependa ladha ya kahawa ya Pwani aloweke pamoja na iliki tatu zilizopondwa au kipande cha tangawizi. Friji huihifadhi kwa siku chache, na kuiacha mezani kwenye joto ni kukaribisha bakteria.

Tahadhari moja kwa wenye vidonda vya tumbo. Husemwa kwamba kahawa hii haina asidi. Utafiti wa Niny Rao na Megan Fuller, uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Scientific Reports, ulikuta kipimo cha pH cha kahawa ya baridi na ya moto kinakaribiana sana. Ulaini wa mdomoni usimdanganye mgonjwa. Kafeini nayo imo, tena ya kutosha.

Sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania husafirishwa nje. Nchini Japani huuzwa kwa fahari kwa jina la Kilimanjaro. Wakati huohuo, makabati mengi ya jikoni nchini humu yana kahawa ya kopo tu. Msomaji, nunua pakiti ya kahawa iliyokaangwa karibuni, ya Moshi, Mbinga, Mbozi au Karagwe, omba isagwe kwa chenga kubwa, na uiloweke leo usiku.