Kungoja Ufadhili wa Masomo: Subira au Ngojangoja?

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja utadhani zinagombana. Ya kwanza yasema subira huvuta heri. Ya pili yasema ngojangoja huumiza matumbo. Nilipokuwa darasa la saba mwalimu wetu alituuliza ipi kati ya hizo ni ya kweli. Mimi niliinua mkono mbio mbio nikasema ni ya kwanza. Sikuwa nimewahi kungoja kitu chochote cha maana maishani.

Nilikuja kuzielewa zote mbili kati ya Novemba 2023 na Januari 2024, nilipokuwa nangoja kuambiwa kama nimepata ufadhili wa masomo ya sekondari. Sisi tulio Kidato cha Tatu mwaka huu wa 2026 ndio tuliofanya KCPE ya mwisho. Mtihani huo ulioanza mwaka 1985 umekwenda zake, na ndugu zetu wa Gredi ya 10 wameingia kwa mlango wa KJSEA, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2025. Lakini kungoja ni kule kule. Muhula wa kwanza niliwaona baadhi yao wakimwomba matroni simu ili waulize nyumbani kama "wale watu" wamepiga. Ndiyo sababu nimeonelea nieleze mambo haya yanavyokwenda, na kwa nini yanachukua muda.

UFADHILI SI BASARI

Wengi wetu huyachanganya mambo haya mawili. Basari ni msaada wa karo unaotolewa kidogo kidogo, kama zile za CDF, hazina iliyoanzishwa mwaka 2003, au za serikali za kaunti zilizoanza kazi mwaka 2013. Unaomba, shule inatumiwa elfu chache kwa jina lako, na mwakani unaanza tena kupanga foleni.

Ufadhili wa masomo ni jambo jingine. Mwanafunzi huchukuliwa mwanzo hadi mwisho, akalipiwa karo, na mara nyingi sare, vitabu na nauli juu yake. Mfano unaojulikana sana ni Wings to Fly, uliozinduliwa mwaka 2010 na Equity Group Foundation pamoja na Mastercard Foundation. Jomo Kenyatta Foundation, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1966, ambalo vitabu vyake tumevisoma darasani, nalo limekuwa likiwasomesha watoto werevu wasio na uwezo. Kisha mwaka 2020 ukaja ufadhili wa Elimu, wa serikali na Benki ya Dunia.

Hapo ndipo penye neno "kufaulu". Ufadhili hupewa aliyefanya vizuri, lakini kufanya vizuri hakupimwi kwa kipimo kimoja. Siku za KCPE ya alama 500, Wings to Fly ilitaka alama 350 na zaidi. Ule wa Elimu ulikubali kuanzia 280, kwa sababu ulilenga kaunti ndogo zilizobaki nyuma na mitaa ya mabanda mijini. Ukifikiri vizuri utaona haki yake. Mtoto aliyepata 280 huku akichota maji kilomita tano kila asubuhi amepanda mlima ambao yule wa 400 wa mjini huenda hajauona hata kwa mbali.

HESABU YENYEWE

Sasa tupige hesabu kidogo, hata kama wewe ni adui wa Hisabati. KCPE ya 2023 ilifanywa na watahiniwa zaidi ya milioni 1.4. Waliopata alama 400 na zaidi peke yao walikuwa 8,523. Ufadhili wa Elimu ulipoanza mwaka 2020 ulichukua wanafunzi 9,000, na huo ulikuwa mkubwa kuliko mingi. Kwa hiyo hata nafasi zote zikijumlishwa, maelfu kwa maelfu ya waliofaulu, na tena maskini hohehahe, lazima wabaki nje.

Upande wa pili wa hesabu ni karo. Tulipojiunga na Kidato cha Kwanza, karo iliyowekwa na Wizara kwa shule za kitaifa za miji mikubwa ilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, na kwa shule nyingi nyingine za bweni shilingi 40,535. Nusu yake inatakiwa muhula wa kwanza. Yaani kabla hujanunua sanduku, godoro wala ndoo, mzazi anatafuta zaidi ya elfu ishirini katika mwezi wa Januari, mwezi ambao hata panya hana kitu ghalani.

SAFARI YA FOMU

Watu hudhani ukishapeleka fomu, kuna mtu anaketi mahali akitazama alama na kuandika majina. Sivyo. Fomu inapita mikono mingi.

Kwanza ni sahihi na mihuri: mwalimu mkuu, chifu, na pengine kiongozi wa dini. Hawa wote wanashuhudia kwamba unayosema juu ya nyumbani kwenu ni kweli. Halafu ni kuchujwa. Fomu ambazo hazijajazwa vizuri huanguka hapa, hata kama mwenyewe ni bingwa. Tatu ni mahojiano. Mwanafunzi na mzazi au mlezi wake huitwa mbele ya jopo, ambalo mara nyingi huwa na watu wa elimu, wa dini na wa utawala wa sehemu hiyo. Nne ni kutembelewa nyumbani, kuhakikisha uliyoyasema. Mwisho ndipo orodha inapotoka.

Matokeo yetu yalitangazwa tarehe 23 Novemba 2023, na katikati ya Januari 2024 shule zilifunguliwa kwa wanafunzi wapya. Hatua zote hizo zilitakiwa zimalizike katika wiki saba hivi, Krismasi ikiwa katikati. Na mwaka ule mvua ilinyesha kama iliyofunguliwa bomba. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kimya kinapozidi usidhani fomu yako imetupwa. Huenda gari la wageni wako limekwama kwenye matope.

YALIYONIPATA MIMI

Kwetu ni upande wa Mwingi. Nilipata alama 371, na kijiji kizima kilijua kabla ya jua kutua. Fomu nilijaza mwenyewe kwa kalamu ya wino mweusi. Kwa chifu tulikwenda mara tatu, mara mbili tukamkosa.

Siku ya mahojiano nilijibu maswali yote bila kusita. Mwishowe bibi mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Na ukikosa ufadhili huu, utafanya nini?" Nikajibu, "Nitangoja tena mwakani." Wakatazamana. Tulipokuwa njiani kurudi mama aliniambia, "Mwanangu, hilo si jibu."

Wakati wa kutembelewa ulipokaribia, jirani mmoja alimshauri mama awapeleke mbuzi wetu watano kwake, tuonekane hatuna kitu. Mama akacheka. "Mbuzi nitamficha wapi na hajui kunyamaza?" Wageni walifika Alhamisi, viatu mkononi, suruali zimekunjwa hadi magotini, maana mto ulikuwa umejaa. Wakaona nyumba, wakaona mbuzi, wakauliza majirani. Wakaaga. Wakasema tungoje simu.

Basi tukangoja. Simu ya mama ilikuwa haitoki kifuani pake. Kila ilipolia ujumbe, sote tuliruka. Kumbe ni kampuni ya simu inatukumbusha deni la kredo! Krismasi ikapita, Mwaka Mpya ukapita. Barua ya kuitwa shule hii ikafika kabla ya simu ya ufadhili. Siku ya kuripoti ikafika, wenzangu wakapita barabarani na masanduku yao juu ya bodaboda. Mimi nilikuwa nimejificha jikoni. Sikulia mbele ya mtu, lakini tumbo liliniuma kweli kweli, si kwa methali.

Jioni ile mama alisema neno ambalo sijalisahau. "Nimewapa hadi Ijumaa. Ijumaa ikipita bila simu, Jumamosi tunauza."

Ijumaa ikapita. Jumamosi tuliuza madebe manne ya ndengu tuliyokuwa tumevuna wiki hiyo, na mbuzi mmoja. Chama cha akina mama kikamkopesha kiasi. Jumla ilikuwa shilingi elfu kumi na nne na mia tano, haikufika hata nusu ya karo. Jumanne tukaripoti hapa, zaidi ya wiki moja baada ya wenzangu, na mama akaandikiana na shule jinsi atakavyolipa iliyobaki. Muhula wa pili basari ya kaunti ikatusaidia. Deni bado lipo, lakini hupungua kila tunapovuna.

Simu ile haikulia. Hadi leo hakuna aliyetuambia nimekosa. Aliyechukuliwa kijijini kwetu ni mvulana mmoja aliyelelewa na nyanya yake baada ya kufiwa na wazazi wote wawili. Nilipomwona na sare mpya moyo uliniuma, nakiri, lakini ningekuwa mimi ndilo jopo, ningemchagua yeye.

NILICHOJIFUNZA

Kwa wale wanaongoja sasa, na walio na wadogo wao watakaongoja, haya ndiyo ninayoweza kuwashauri.

Siku unapopeleka fomu, uliza orodha itatoka lini na utaarifiwa kwa njia gani. Usione haya, ni haki yako kuuliza. Wasipoweza kukuambia, keti na mzazi wako mjiwekee siku yenu wenyewe. Siku hiyo ikipita, mchukue njia ya pili. Mara nyingi anayekosa haandikiwi barua. Kimya hicho ndicho jibu, na ukiendelea kukisikiliza, nafasi yako shuleni itapewa mwingine.

Njia ya pili yenyewe itafuteni mapema, si baada ya kukosa. Ombeni basari pia. Mwone mwalimu mkuu wa shule uliyoitwa kabla ya siku ya kuripoti. Shule husikiliza zaidi mzazi aliyekuja na kidogo mkononi kuliko mzazi ambaye hakuja kabisa.

Andika nambari ya simu ambayo haizimwi. Kwetu simu huchajiwa sokoni, na mtu aweza kutafutwa siku nzima asipatikane. Ukiweza, weka na ya mwalimu.

Semeni ukweli. Mbuzi aliyefichwa akilia mbele ya wageni, hata mliyoyasema kwa haki yataonekana uongo.

Na yeyote anayedai shilingi mia tano "za kusukuma fomu", mkimbieni kama ukoma. Ufadhili wa kweli hauuzwi.

La mwisho ni lile lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Muhula wangu wote wa kwanza hapa nilijiona mtoto aliyekataliwa. Niliketi nyuma, sikuinua mkono. Mwalimu mmoja aliniita ofisini akaniuliza zile alama 371 zilikwenda wapi. Nikamweleza. Akanijibu kwamba orodha ile ilipima nafasi zilizokuwapo, haikunipima mimi. Muhula uliofuata nilihamia dawati la mbele.

Sasa nikiulizwa swali la darasa la saba, nitasema methali zote mbili ni za kweli, ila zinasema juu ya watu wawili tofauti. Mama yangu alingoja huku akipalilia ndengu. Mimi nilingoja nimekaa jikoni nikiitazama simu. Yeye ndiye aliyevuta heri, mimi nikaumwa na tumbo.

Ndugu zetu wa Kidato cha Nne, nanyi mkimaliza mtangoja matokeo, mtangoja nafasi za vyuo, mtangoja mkopo wa HELB. Nawatakia kila la heri. Lakini mkifika nyumbani, kabla ya kuitazama simu, ulizeni jembe liko wapi.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.