Je, Wajua? Kampuni Ni Mtu Mwingine Kabisa

Sogea hapa kwenye benchi, msomaji, haya si ya kusikilizwa umesimama.

Je, wajua kwamba duka lako la Biharamulo mjini halibadilishwi kuwa kampuni kama unavyobadili shati? BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, inasajili mtu mpya kabisa wa kisheria, kisha wewe unamkabidhi bidhaa, pikipiki na stoo, na jina la biashara la zamani unalifunga. Hata TIN, namba ya mlipakodi, inakuwa mpya, na leseni inakatwa upya kwa jina la huyo mgeni!

Je, wajua kwamba ukinunua na kuuza maharage Ngara kwa jina lako halisi tu, sheria haikulazimishi kusajili jina la biashara? Ongeza "na Wanawe" kwenye kibao, safari ya usajili imeanza. Maneno mawili tu!

Je, wajua kwamba Sheria ya Makampuni ya 2002, iliyoanza kutumika 2006, ilitaka wanahisa wasiopungua wawili? Tazama mgodi wa dhahabu wa Biharamulo, ule wa zamani wa Tulawaka: kampuni yake, STAMIGOLD, inamilikiwa na STAMICO, shirika la madini la Taifa, kwa asilimia 99 na Msajili wa Hazina kwa asilimia 1. Mfuko wa kulia na wa kushoto wa Serikali ileile! Mwaka 2012 sheria ikafungua mlango kwa kampuni ya mwanahisa mmoja.

Je, wajua kwamba Ngara kuna kampuni ambayo Serikali ina hisa 16 katika kila 100 bila kuzilipia hata senti? Ndiyo Tembo Nickel, yenye mradi wa nikeli wa Kabanga, na mkataba wake ulisainiwa Januari 2021. Je, wanahisa wenzako watakubali hivyo?

Shuka sasa hadi maporomoko ya Rusumo. Kampuni ya umeme ya pale, Rusumo Power Company, ina wanahisa watatu, na si binadamu hata mmoja: ni Tanzania, Rwanda na Burundi! Mitambo ni ya megawati 80, kila nchi na theluthi yake.

Na hii hapa ndiyo mama yao wote. Je, wajua kwamba kesi maarufu kuliko zote za makampuni ilimhusu fundi viatu? Aron Salomon wa London aliiuza biashara yake mwenyewe kwa kampuni yake mwenyewe mwaka 1892. Sheria ilitaka wanachama saba, basi akamwita mkewe na watoto watano, kila mmoja akapewa hisa moja. Yeye? Hisa 20,001! Kampuni ikafilisika, wadai wakamjia juu kwamba hiyo kampuni ni yeye tu kavaa kofia. Mwaka 1896 majaji wakuu wa Uingereza wakasema la: Salomon ni mtu, na kampuni ni mtu mwingine. Hadi leo mahakama za Afrika Mashariki zinamtaja huyo fundi viatu.

Unacheka? Ngoja. Bwana mmoja wa Ireland, Macaura, aliiuzia kampuni yake mbao zake zote, lakini bima akaiacha kwa jina lake. Moto ukala mbao. Mwaka 1925 mahakama ikamwambia mbao si zako, ni za kampuni, hulipwi kitu! Wenye mbao wa Biharamulo, mmesikia?

Lakini sheria hiyohiyo huweza kukupendelea. Geoffrey Lee wa New Zealand alikuwa na hisa 2,999 kati ya 3,000 za kampuni yake, na ndiye aliyekuwa rubani wake. Ndege ikaanguka, akafariki. Mwaka 1960 ikaamuliwa kwamba alikuwa mwajiriwa halali wa kampuni yake, na mjane akastahili fidia!

Je, wajua kwamba ukishalipia hisa zako zote, wenye mali kauli wanaoidai kampuni hawaigusi nyumba yako ya Nyakanazi? Ndiyo raha ya Limited, yaani dhima yenye kikomo. Ila benki wajanja: watakusainisha dhamana binafsi, na nyumba inarudi mezani.

Kodi nayo ina vituko. Mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka anaweza kukadiriwa kodi kwa mauzo, na chini ya milioni 4 halipi kitu. Kampuni haina bahati hiyo, hata iwe na meza moja na kalamu: asilimia 30 ya faida, na hesabu zipite kwa mhasibu aliyesajiliwa. Binafsi, kwa genge la nyanya nisingehangaika.

Na Benaco je, pale malori yanapolala wilayani Ngara? Jina lile ni la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa ikijenga barabara. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo ndani ya takriban saa 24, wakapiga kambi Benaco, na redio za dunia nzima zikawa zinataja jina la wajenzi wa barabara. Usiulize lilisajiliwa BRELA lini: BRELA yenyewe ilizinduliwa 1999!