Ndege ya Katuni Mbele ya Upepo wa Kweli

Mchoraji wa katuni hadaiwi na upepo. Akitaka ndege yenye mota juu ya kichwa cha rubani, mabawa membamba kama jani la mwembe na mkia mdogo wa kupendeza, anachora tu, na ndege inaruka kwa kuwa yeye kataka iruke. Deni linamwangukia mwingine: fundi wa modeli anayekesha na kisu, gundi na mbao za balsa ili aipeleke angani ndege hiyo hiyo kwa rimoti. Nimeunda modeli za ndege za kweli na za kubuni, na za kubuni zimenitoa jasho zaidi. Ndege ya kweli hewa ilishaikagua zamani. Ya kubuni inakaguliwa siku ninapoirusha, mbele ya watu.

Nichukue mfano mmoja ninaoupenda: ndege nyekundu ya filamu ya katuni ya Kijapani Porco Rosso, aliyoiongoza Hayao Miyazaki mwaka 1992. Rubani wake ni Mwitaliano aliyegeuka nguruwe, na anawinda maharamia wa angani juu ya bahari ya Adriatiki katika miaka ya baina ya vita viwili vikuu. Mafundi wa modeli tuna haki ya kujivunia hadithi hii, kwa sababu ilianza kama kurasa za rangi ambazo Miyazaki alizichora katika Model Graphix, jarida la Kijapani la waunda modeli. Ndani ya filamu ndege inaitwa Savoia S.21. Jina hilo ni la kweli, lakini Savoia S.21 iliyoundwa Italia mwaka 1921 ilikuwa na mabawa ya ghorofa mbili na haifanani na hii hata kidogo. Anayetafuta ndugu wa sura amtazame Macchi M.33, aliyeshika nafasi ya tatu katika mashindano ya Kombe la Schneider huko Baltimore mwaka 1925. Mshindi wa siku hiyo, Mmarekani Jimmy Doolittle na Curtiss yake, alipita kilomita 370 kwa saa; M.33 haikufika 280.

Kwa hiyo fundi hana ramani ya kiwandani. Ana picha zinazotembea, na ndege ya katuni hunenepa na kukonda kulingana na mahitaji ya tukio. Ninachofanya ni kuchagua picha tatu: ya ubavuni, ya mbele na ya juu. Nikishachagua, natangaza kwamba hizo ndizo sheria na nyingine zote nazisahau. Kisha naamua ukubwa. Tuseme ndege "halisi" ina mabawa ya mita 10 toka ncha hadi ncha. Nikiigawa kwa 7 napata modeli ya karibu mita 1.43, inayoingia kwenye gari dogo bila ugomvi.

Hapo hesabu ya kwanza inajitokeza. Urefu ukipungua mara 7, eneo la bawa linapungua mara 49, na ujazo mara 343. Mwendo wa kuruka haupungui mara 7. Unapungua takriban mara 2.6 tu, yaani kipeuo cha pili cha 7. Ndege iliyopaswa kwenda kilomita 200 kwa saa itataka, kwa modeli iliyopunguziwa kila kitu kwa uwiano, karibu kilomita 75. Kwa macho ya mtazamaji hiyo ni nzi, maana ili ionekane na uzito wa ndege kubwa ingepaswa kupita kwa kilomita 29 hivi. Dawa ni wepesi. Modeli yangu ya ukubwa huu, yenye bawa la eneo la mita za mraba 0.36, nikiibana isizidi kilo 1.8, itabaki hewani hata kwa kilomita 31 au 32 kwa saa, na hapo ndipo inapoanza kufanana na ile ya filamu. Kila gramu 100 za rangi na mapambo zinaila sura hiyo. Watu hudhani rangi ni urembo tu. Rangi ni mzigo.

Sasa mota. Hapa ndipo penye kazi hasa. Katika Savoia ya filamu injini imesimamishwa juu ya bawa kwa miguu, pangaboi likitazama mbele, na sababu yake inaeleweka: ndege hii tumbo lake lenyewe ni mashua, na pangaboi lililo chini lingekula maji. Lakini fikiria kinachotokea. Mota inavuta sentimita 15 juu ya kitovu cha uzito, kwa nguvu inayokaribia uzito wa modeli nzima. Ni kama mtu anayekusukuma kichwani badala ya kiunoni: utainama. Nikifanya hesabu, kuinama huko ni sawa na kufunga kopo la soda kwenye ncha ya kijiti, sentimita 75 mbele ya kitovu cha uzito, kila unapoongeza mota, na kulifungua kila unapopunguza. Rubani asiyejua hili huona pua ikizama, anaongeza mota ili ajiokoe, na pua inazama zaidi. Modeli nyingi za aina hii zimekufa kwa kosa hilo hilo.

Wengi watakuambia uinue mota digrii 4 au 5, itazame juu kidogo. Inasaidia, ila kidogo kuliko wanavyodai, kwa sababu pangaboi halipo mbali sana mbele ya kitovu cha uzito. Kazi kubwa inafanywa na mkia. Ukiuweka mkia wa kulala katika njia ya upepo wa pangaboi, na ukaulaza kwa pembe ndogo ya kuvuta chini, basi mota inapoongezeka upepo unaoupiga mkia nao unaongezeka, na mkia unavuta chini zaidi. Ugonjwa na dawa vinakua pamoja. Kinachobaki unakimaliza kwenye rimoti: unaiamuru ivute elevata, yaani kibao cha nyuma ya mkia, milimita moja au mbili kila mota inapopanda. Kwa hiyo nikikuta mkia wa katuni umewekwa pasipo na upepo, nausogeza, tena bila aibu. Naukuza pia, kwa asilimia 15 au hata 20, kwa kuwa mkia mdogo wa kupendeza hauwezi kuituliza ndege. Mtazamaji aliye mita 40 mbali hajui, na anayekuja na rula kupima mkia wangu hakuja kuangalia ndege.

Ncha za mabawa nazo zina udanganyifu wake. Zikichongoka, hewa huziachia kabla ya sehemu nyingine ya bawa. Ndege ikipunguza mwendo inaangukia ubavu mmoja ghafla. Wakati wa kuliunda bawa naisokota ncha digrii 2, ukingo wake wa mbele ukishuka. Picha haibadiliki.

Tumbo linanirudisha kwa mafundi wa mashua. Lina mkuku, lina mataruma, na ganda lake la balsa lisipozibwa vizuri litakunywa maji kama jahazi lisilokalafatiwa. Vielea viwili vinavyoning'inia chini ya mabawa ni mirengu ya ngalawa kabisa: bila hivyo ncha moja ya bawa inaingia majini na safari imekwisha. Kuna kitu kimoja, hata hivyo, ambacho ngalawa haina. Chini ya tumbo, nyuma kidogo tu ya kitovu cha uzito, lazima pawe na ngazi, mkato wa ghafla wa sentimita moja na nusu hivi. Ukitaka kujua kwa nini, chukua kijiko, kishike kwa ncha ya mpini, na usogeze mgongo wake kwenye maji yanayotiririka bombani. Utaona kijiko kinavutwa kuyafuata maji. Tumbo laini la modeli linavutwa vivyo hivyo, na ngazi ndiyo inayoyakata maji ili hewa ipenye. Ndege yangu ya kwanza ya majini haikuwa nayo, kwa sababu niliona inaharibu sura. Ilizunguka bwawa asubuhi nzima kama bata aliyeshiba, mota ikilia, na haikunyanyuka hata kidole. Jioni nikabandika kipande cha plastiki chini yake kwa gundi ya moto. Kesho yake ikaruka.

Maji pia yanataka nguvu zaidi ya nchi kavu. Modeli ya kupaa uwanjani huridhika na wati 220 kwa kila kilo. Hii naipa 300, yaani wati 540 kwa kilo zake 1.8. Betri ya lithiamu ya seli 4 inaitoa kwa ampea 36 au 37. Betri hiyo naisukuma mbele kabisa puani, maana mota iliyo juu haisaidii kuleta kitovu cha uzito mahali pake, yaani asilimia 25 hadi 30 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Na rubani? Nguruwe wangu amechongwa kwa povu gumu na ana gramu 11 pamoja na miwani.

Usidhani ndege za kubuni ni za kuchezea tu. Msanii wa Japani, Kazuhiko Hachiya, alianza mwaka 2003 mradi wa kuunda Möwe, chombo kisicho na mkia kutoka kazi nyingine ya Miyazaki. Mwaka 2013 chombo chake, M-02J, kikaruka kwa injini ya jeti kikiwa na mtu juu yake.

Nasi Afrika Mashariki ndege-mashua si wageni. Kuanzia mwaka 1937 ndege kubwa za Imperial Airways zilitua majini Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Ukitaka kurusha yako katika mojawapo ya miji hiyo, ulizia kwanza kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, maana vyombo visivyo na rubani vina kanuni zake Kenya na Tanzania. Kabla ya kukata balsa, kata umbo dogo la bodi ya povu na ulitupe kwa mkono mpaka liteleze sawasawa. Bodi hiyo ni ya shilingi chache. Chagua ziwa au bwawa kuliko bahari, kwa sababu chumvi inaila mota usiku mmoja, na ukilazimika kuingia baharini isuuze kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Na uwe na mtumbwi tayari, pamoja na mtu anayejua kuogelea, kabla hujawasha rimoti.