Wikendi ya mgeni Kisii na Nyamira: nani analipa, na analipa vipi?

Labda nyumbani kwako muhula huu mmepokea mwanafunzi wa kigeni wa miaka 16 au 17. Jumamosi imefika, na watoto wako na marafiki zao wanataka kumtembeza. Furaha ipo, lakini pia kuna swali ambalo watu huona haya kuliuliza: pesa zitatoka kwa nani?

Hapa Kenya tumetuma pesa kwa simu tangu Machi 2007. Vijana wa umri huo walizaliwa wakaikuta. Kwa mgeni, huenda ni mara ya kwanza kuona mama wa ndizi akilipwa kwa namba ya simu. Kwa hivyo kabla hamjatoka, tenga dakika 20 umfundishe.

Anza na laini. Kijana aliye chini ya miaka 18 husajiliwa na mzazi au mlezi, na mgeni hutumia pasipoti badala ya kitambulisho. Ukikubali kumsajilia kwa jina lako, jua kwamba yanayofanyika kwenye laini hiyo yatarudi kwako. Mwonyeshe jinsi ya kuweka PIN, kisha mwambie mambo mawili: isiwe mwaka wake wa kuzaliwa, na asimpe mtu yeyote, hata rafiki anayemsaidia kubonyeza. Sisi wenyewe hatutawahi kumpigia simu kumuuliza PIN.

Jumamosi: mjini na Tabaka

Mjini Kisii, soko la Daraja Mbili ni darasa zuri. Ndizi, parachichi, chinsaga na risosa vyote viko. Mfundishe mgeni salamu ya asubuhi, "bwakire", halafu amwache mwenyeji wake aulize bei. Sio siri kwamba bei hupanda muuzaji akiona sura ngeni. Bei ikishakubaliwa, mgeni alipe mwenyewe. Kabla ya kubonyeza kukubali, asome jina linalotokea kwenye simu na amuulize muuzaji, "Ni wewe?" Namba moja ikikosewa, pesa zinaenda kwa mtu mwingine.

Kama Shabana wanacheza nyumbani Gusii Stadium wikendi hiyo, basi mna bahati. Klabu hii iliyoanzishwa 1980 ilirudi ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka mingi nje, na mashabiki wake hawajui kunyamaza. Tiketi nunueni mahali palipotangazwa rasmi, sio kwa mtu aliyetuma namba yake kwenye grupu.

Tabaka, huko Mugirango Kusini, ndiko mawe ya Kisii yanakochimbwa na kuchongwa. Jiwe huchongwa likiwa na maji maji, likasuguliwa kwa msasa, likaanikwa, kisha likapakwa nta ling'ae. Mgeni akiona kazi hiyo yote ataelewa kwa nini kinyago kidogo hakiuzwi kwa bei ya peremende. Kama anataka kitu cha kuagiza, kwa mfano bakuli lenye jina la mama yake, alipe nusu kwanza kwa namba ya mchongaji mwenyewe, na asifute ujumbe wa muamala. Ujumbe huo ndio risiti yake siku ya kuchukua mzigo.

Jumapili: Keroka, Nyamira na Manga

Keroka ni mji wenye vichekesho vyake: upande mmoja uko Kaunti ya Kisii, upande mwingine Nyamira. Ukivuka barabara umebadilisha gavana. Kutoka hapo mashamba ya majani chai yanaanza kuonekana, na wachumaji wakichuma majani mawili na chipukizi. Milima ya Manga nayo inawangoja wenye miguu ya kupanda. Juu pale mji wa Kisii unauona chini yako.

Kwenye matatu au Probox, ulizeni nauli kabla ya kupanda, sio mkiwa mmeshabanana ndani. Makanga akitoa namba ya kulipia, aisome polepole nanyi mrudie. Na msitegemee simu peke yake. Chaji huisha, mtandao hupotea. Kila mmoja abaki na noti ndogo ndogo za kumfikisha nyumbani.

Sasa, nani analipa?

Hapa ndipo urafiki huharibika. Vijana hudhani mgeni wa ng'ambo ana pesa zisizoisha, naye huona aibu kukataa. Soda ya kwanza analipa, chapati analipa, nauli analipa, na kufikia Jumapili jioni amemaliza pesa za mwezi bila kusema neno. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe bili.

Dawa yake ni mchango. Tuseme ni watano na mnakadiria nauli na chakula kufika shilingi 3,000. Kila mmoja anatuma 600 kwa mweka hazina mmoja Ijumaa jioni. Yeye ndiye analipa kila kitu na kuonyesha ujumbe mwisho wa siku. Zawadi za mtu binafsi, kila mtu na mfuko wake. Na kama mnahitaji pesa taslimu, mweka hazina atoe mara moja kwa wakala. Kutoa kidogo kidogo mara nne hula ada zaidi.

Likitokea la kutokea

Mmetuma pesa kwa namba isiyo yenu? Pigieni huduma kwa wateja papo hapo, kabla aliyepokea hajazitoa. Na mgeni akipata ujumbe kwamba ametumiwa pesa kimakosa na "tafadhali rudisha", aangalie salio lake kwanza. Mara nyingi hakuna kilichoingia. Hata kama kimeingia, asirudishe mwenyewe. Mwenye pesa afuate utaratibu kupitia huduma kwa wateja.

Mgeni atasahau bei ya ndizi, lakini hatasahau kama alitembezwa kama rafiki au kama pochi. Fanyeni hesabu Ijumaa, Jumamosi mtembee.