KIPOFU ALIYESHIKA WIZARA TATU

LEO nakupeleka Uingereza. Usihofu, nauli juu yangu.

Kisa kilianzia nyumbani kwetu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, haoni tangu azaliwe. Kamaliza kidato cha nne, kapasi vizuri tu, akaenda ofisi moja hapa mjini kuomba ushauri. Akaambiwa akajifunze kufuma vikapu! Karudi kanuna, kula hataki. Nikamkalisha barazani, nikampa stori ya David Blunkett.

Jamaa huyo kazaliwa Sheffield mwaka 1947, kipofu. Akiwa na miaka minne tu akapelekwa shule ya bweni. Alipofika 12, baba yake akatumbukia kwenye pipa la maji yanayochemka kazini, akafa. Waajiri wakagoma kulipa fidia, eti mzee kashapita umri wa kustaafu. Miaka miwili mama mtu anahangaika.

Shuleni nako akaambiwa moja ya kazi chache zinazomfaa ni mashine ya kukereza vyuma. Dogo hakukubali. Akasoma masomo ya usiku, akaingia Chuo Kikuu cha Sheffield, na mwaka 1970, bado mwanafunzi, akachaguliwa diwani ana miaka 22. Mwaka 1987 akaingia bungeni. Mwaka 1997 Tony Blair akampa Wizara ya Elimu.

"Sasa mafaili anasomaje?" dogo akadakia. Nikamwambia: mengine nukta nundu, mengine anarekodiwa kwenye kaseti, anasikiliza usiku kucha.

Bungeni aliingia na mbwa wa kumwongoza. Mwaka 1999 mbwa wake Lucy alitapika mle mle ndani, mbunge wa upinzani akiwa anahutubia. Watu mbavu hawana!

Mwaka 2001 akapewa Mambo ya Ndani. Hapo ndipo kasheshe. Akazama kwenye penzi la mke wa mtu, likavunjika, na Desemba 2004 akajiuzulu kwa madai kwamba viza ya yaya wa huyo mama iliharakishwa ofisini kwake. Mei 2005 akarudi na Wizara ya Kazi na Pensheni, hakumaliza mwaka. Novemba akaondoka tena, safari hii kwa kukiuka kanuni za mawaziri wa zamani kuhusu kazi za nje. Sio malaika, sikumficha dogo.

Ila wenzetu wa magazeti ya udaku kule nao walizidi, bwana. Gazeti la News of the World lilidukua ujumbe wake wa sauti. Lilifungwa mwaka 2011, nami sikulia. Tangu 2015 mzee ni Lord.

Dogo akakaa kimya weee, kisha akauliza: "Huyo Lucy alikula nini siku ile?" Mbavu zangu! Akaomba chai na chapati mbili.

Jumatatu tunakwenda kutafuta shule ya kidato cha tano. Vikapu atafuma yule bwana mwenyewe.