Sungura mzee akianza kukokota miguu ya nyuma

Katika malupango mengi ya Likasi, Kolwezi ao Kipushi utakuta sungura nyuma ya nyumba. Wengi wanafugwa kwa ajili ya nyama, na hawamalizi hata mwaka mmoja. Lakini karibu kila mara kuna mmoja anayeponyoka: mama aliyezaa vizuri, ao yule ambaye watoto walimpa jina, na tangu siku ile hakuna mtu anayethubutu kumpeleka jikoni. Sungura wa namna hiyo, akiangaliwa vizuri, anaweza kufikia miaka 8, hata 10 na kupita. Kisha asubuhi moja mtoto anakuja mbio: "Mama, kuya uone! Kasungura kanakokota miguu!"

Hapo nyumba inagawanyika. Mmoja anasema: "Ile imezeeka, tuitie mu nyungu." Mwingine anasema: "Ni uzee tu, muiache." Mtoto naye analia. Wale wakubwa wawili wamekata shauri mbio sana. Uzee peke yake hauangushi miguu. Kuna kitu kinachoiangusha, na inafaa kukitafuta kwanza.

ILIANZA GHAFLA AO POLEPOLE?

Hilo ndilo ulizo la kwanza.

Kama jana aliruka na leo miguu imelala kabisa, uogope mgongo. Mifupa ya sungura ni myepesi sana: yote pamoja ni karibu 8 kwa 100 ya uzito wake, lakini ya paka inafika 12 ao 13. Tena misuli yake ya nyuma ina nguvu nyingi. Mbwa akimshtua, ao mtoto akimbeba vibaya, naye akapiga teke, teke lake mwenyewe linaweza kuvunja mgongo karibu na kiuno. Finya kidogo kidole cha mguu wa nyuma. Akivuta mguu na kugeuza kichwa, ni alama nzuri, kwa maana angali anasikia. Mguu ukijikunja tu naye hashtuki, ao hasikii kitu na mkojo unatoka wenyewe, hali ni ngumu. Mtie ndani ya karatoni ndogo yenye kitambaa, asijigeuzegeuze, na mpeleke kwa munganga wa nyama siku ileile.

Kama ilianza polepole, sababu ni nyingi. Viungo vya mgongo na vya nyonga vinakauka na kuuma, kama kwa wazee wetu. Kucha ndefu zinapotosha mguu. Unene unamlemea. Na kuna vidonda chini ya miguu: sungura aliyekaa miaka juu ya waya ao simenti tupu anapoteza manyoya ya kisigino, ngozi inapasuka, na kidonda kinaweza kufika mpaka kwenye mfupa. Mgeuze kwa upole, uangalie pale kwanza. Mara nyingine jibu liko hapo.

Kuna tena ugonjwa wa kadudu kadogo kasikoonekana kwa macho, kanakokaa ndani ya mafigo na ubongo. Mwaka 1922 waganga Wright na Craighead, kule Marekani, waliandika juu ya sungura wadogo waliolemaa miguu kwa ajili yake, na mwaka 1923 Levaditi na wenzake, Ufaransa, wakakapa jina la Encephalitozoon cuniculi. Sungura wengi wanakabeba bila kuonyesha kitu. Nguvu za mwili zikipunguka, miguu inalegea ao kichwa kinalala upande mmoja. Kanapita katika mkojo. Munganga anaweza kutoa fenbendazoli, mara nyingi kwa siku 28, akipima kipimo kwa uzito. Watu wenye afya hawapati shida kwa urahisi, lakini mtu ambaye mwili wake umepoteza kinga asisafishe kibanda. Na wote wanawe mikono kwa sabuni.

KAZI YA KILA SIKU NYUMBANI

Hata munganga akija, kazi kubwa itabaki kwako. Kumbuka mambo haya:

1. Chini pawe laini. Toa waya. Tandika majani makavu mengi, juu yake kitambaa kizee kisichoteleza. Simenti inamfungua miguu kama mtu juu ya matope. Akianguka upande, viringisha kitambaa umwekee mbavuni, kimtegemeze.

2. Chakula na maji viwe karibu na kinywa chake. Mpe maji katika sahani nzito, ya chini, isiyopinduka. Chakula chake kikubwa ni nyasi, ongeza kalembula. Sombe mbichi na majani ya avoka ni sumu kwake: asipewe hata kidogo. Bukari na mkate vinamnenepesha na kuharibu tumbo.

3. Msafishe nyuma kila siku. Wengi hawajui jambo hili: sungura mzima anainama na kula tena mavi yake laini, yale ya usiku, yanapotoka tu. Si uchafu, ni chakula chenye vitamini. Lakini mgongo mgumu hauinami. Yale mavi yanagandamana na manyoya, na mkojo unaunguza ngozi. Osha mahali pachafu tu kwa maji ya vuguvugu, kisha kausha kabisa. Usimtumbukize mwili mzima ndani ya maji.

4. Angalia nzi, zaidi wakati wa mvua. Akitaga mayai katika manyoya machafu, katika siku moja funza wanaweza kutoka na kuanza kula ngozi ya sungura angali mzima. Chunguza asubuhi na jioni.

5. Mbebe vizuri: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako, naye akae karibu na tumbo lako. Kumshika masikio, hapana.

6. Aendelee kutembea kidogo, kama anaweza. Mwachie nafasi juu ya majani, mbali na mbwa, dakika chache mara kadha kwa siku.

USICHUKUE DAWA YA WATU

Tunajua desturi ya hapa: kidonge kilichobaki cha mtoto kinapewa mfugo. Kwa sungura hiyo ni hatari. Amoksisilini na ampisilini za kumeza zinaua vijidudu vyema vya tumbo lake, anaanza kuhara na kufa. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fiproniri inaweza kumwua pia. Dawa ya maumivu iko, lakini munganga ndiye anayeipima. Pale Lubumbashi, Université de Lubumbashi ina fakilte ya uganga wa nyama. Mahali pengine uliza ofisi ya serikali inayoangalia mifugo.

Na alama moja isingoje kesho: sungura asiyekula na asiyetoa mavi tangu asubuhi mpaka usiku yuko katika hatari, hata kama miguu yake ni mizuri. Tumbo lake halijui kufunga.

SAA YA KUKATA SHAURI

Sungura mwenye miguu dhaifu, anayekula, anayejipangusa uso, anayegeuka akisikia sauti yako, angali na maisha. Wengine wanakaa hivyo miezi mingi. Lakini akikataa chakula, akisaga meno na kukaa amejikunja macho nusu, vidonda vikizidi, miguu isisikie tena kitu, basi munganga akuambie kweli. Kumwacha ateseke siku nyingi kwa sababu sisi tunaogopa kulia, huo si upendo. Akilazwa kwa sindano, ao akiwa amepewa dawa, asiliwe, wala asitupiwe mbwa. Mzike kwa kina.

Baba na Mama, msimwambie mtoto kwamba "amekimbia". Atamtafuta nyuma ya kila nyumba, na siku atakapojua atawauliza ninyi. Mwambieni kweli kwa maneno madogo. Lakini mbele ya siku hiyo, mpeni kazi: mmoja alete nyasi, mwingine abadilishe maji, mkubwa asafishe. Mtoto aliyejifunza kuinua kwa mikono miwili mnyama asiyeweza kusimama, atajua namna ya kumwinua bibi yake pia.

Leo jioni, kabla ya giza, nenda kwa kibanda. Geuza sungura wako mzee, angalia visigino, kucha na nyuma. Ni kazi ya dakika tano.